Rupia na Noti ya Porini: Ulinganisho wa Vikusanywa Viwili vya Enzi ya Mjerumani kama Hifadhi ya Thamani, kwa Mtazamo wa Saza

Utangulizi

Saza ni kata ya Wilaya ya Songwe, katika upande wa kaskazini wa Mkoa wa Songwe, ndani ya uwanda wa dhahabu wa Lupa unaotandaa kuelekea Ziwa Rukwa. Dhahabu ya Lupa ilianza kuwavuta wachimbaji mwanzoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 mji wa Chunya ulikua kwa kasi kutokana na madini hayo. Mgodi wa Saza ulifanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi mwaka 1956. Baada ya hapo uchimbaji mkubwa ulififia kwa zaidi ya nusu karne, hadi mgodi wa New Luika ulipoanza kuzalisha mwaka 2012. Katika muda wote huo wachimbaji wadogo hawakuondoka. Duara lilifuata duara, na karasha likachukua nafasi ya mtwangio.

Historia hiyo imejenga namna mahususi ya kuuliza na kujibu swali la thamani. Mchimbaji anayefika kwa mnunuzi hahitaji kueleza dhahabu yake ilitoka duara gani, nani aliichimba, au ilipatikana mwaka gani. Mzani unatoa uzito, kipimo cha usafi kinatoa kiwango, na bei ya siku inafuata. Gramu moja ni sawa na gramu nyingine yenye usafi uleule. Ugumu huanza pale kinapoletwa kitu ambacho thamani yake haimo katika uzito peke yake: rupia ya Mjerumani iliyookotwa shambani, au karatasi iliyokunjwa ndani ya sanduku la babu, yenye maandishi ya Kijerumani na sahihi ya wino uliofifia.

Makala haya yanalinganisha vitu hivyo viwili, yaani sarafu za rupia na noti za dharura za Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, kama vikusanywa vinavyoweza kuhifadhi au kukuza thamani. Hoja inayotetewa ni kwamba vitu hivi viwili, ambavyo vilitolewa na utawala mmoja na kupoteza uhalali wake kwa sababu moja, vina tabia tofauti kabisa mikononi mwa mmiliki. Sarafu ina sakafu ya thamani ambayo haiwezi kuporomoka chini yake, lakini sakafu hiyohiyo ndiyo inayoiangamiza. Noti haina sakafu yoyote, na kwa sababu hiyo imeachiwa kuwa hati ya historia hadi pale mchwa au unyevu unapoifikia.

Rupia: madini yaliyobeba jina la utawala

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890. Rupia ilikuwa ya madini ya fedha, yenye uzito wa takriban gramu 11.66 na usafi wa sehemu 917 katika 1,000, vipimo vilevile vya rupia ya India iliyokwisha kuenea pwani kabla ya Wajerumani kufika. Uamuzi huo haukuwa wa bahati. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na mizani yao, na sarafu nyepesi isingepokelewa. Upande mmoja uliwekwa sura ya Kaisari Wilhelm II akiwa na kofia ya chuma, na upande wa pili nembo ya kampuni yenye simba na mnazi. Chini ya rupia kulikuwa na pesa 64 za shaba. Mwaka 1893 na 1894 zilitolewa pia sarafu za rupia mbili, ambazo leo ni miongoni mwa zinazotafutwa zaidi na wakusanyaji.

Serikali ya koloni ilichukua mamlaka ya sarafu kutoka kwa kampuni, na kuanzia mwaka 1904 rupia moja ikagawanywa kuwa heller 100, huku rupia 15 zikilinganishwa na mark 20 za Ujerumani. Kufikia hapo rupia ilikuwa imeingia bara kwa njia ambayo haikuwa ya hiari. Kodi ya kibanda iliyoanza mwaka 1898 iliwalazimu watu kutafuta sarafu hata pale ambapo soko lao la kawaida halikuzihitaji. Jambo hili lina uzito kwa mkusanyaji wa leo kuliko linavyodhaniwa. Rupia nyingi zinazopatikana vijijini zimesagika. Zilipita mikononi mwa wapagazi, wenye maduka na watoza kodi, na nyingine zilitobolewa ili zivaliwe shingoni. Kwa mwanahistoria, tundu hilo ni ushahidi kwamba sarafu iliacha kuwa fedha ya serikali na kuwa pambo na akiba ya mwanamke. Kwa mnada wa Ulaya, tundu hilohilo ni kasoro inayoondoa sehemu kubwa ya bei.

Kilele cha sarafu za utawala huo kilifikiwa katika miezi yake ya mwisho. Mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa na meli za Uingereza, sarafu za dharura zilipigwa katika karakana ya reli ya Tabora: heller 5 na heller 20 za mchanganyiko wa shaba, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Sarafu ya dhahabu ilikuwa na uzito wa gramu 7.168 na usafi wa sehemu 750 katika 1,000, na ilichorwa tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilipigwa 16,198 tu kabla ya majeshi ya Ubelgiji kuingia Tabora mwezi Septemba mwaka huo. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 5.376. Mchimbaji wa Saza anaweza kukokotoa mara moja kiasi hicho kingempatia shilingi ngapi, na hesabu yake itakuwa sahihi, lakini wakusanyaji hulipa mara kadhaa ya kiasi hicho.

Karatasi ya vita

Noti zina historia fupi zaidi na yenye msukosuko zaidi. Benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa noti zake za kwanza mwaka 1905, zilizochapwa Ujerumani kwa ustadi mkubwa. Hizo hazikuwa fedha ya mkulima. Zilikuwa za makampuni, wamisionari na maofisa. Mambo yalibadilika vita vilipoanza mwaka 1914. Uzingiraji wa bahari ulizuia sarafu na noti mpya kuingia, na sarafu zilizokuwapo zikaanza kufichwa, kama inavyotokea kila mahali watu wanaposhuku kesho. Jibu la serikali lilikuwa noti za muda, zilizoanza kutolewa mwaka 1915 kwa viwango vya rupia 1 hadi rupia 200, zikichapwa humuhumu nchini kwa karatasi yoyote iliyopatikana na kutiwa sahihi kwa mkono.

Kadiri jeshi la Lettow-Vorbeck lilivyorudi nyuma kuelekea kusini, mitambo ya uchapaji ilipungua, na mwaka 1917 noti zilikuwa zikigongwa kwa herufi za mpira mithili ya mihuri ya ofisini. Wajerumani wenyewe waliziita Buschnoten, noti za porini. Watu waliozoea madini walizipokea kwa shaka, na shaka hiyo ilikuwa ya haki. Utawala ulipokwisha, karatasi hizo zilibaki ahadi isiyo na mtoa ahadi. Uingereza ilileta rupia ya India, kisha florin mwaka 1920 baada ya bei ya rupia kuyumba, na hatimaye shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwenye rupia ya madini bado angeweza kumpelekea sonara. Mwenye noti hakuwa na pa kuipeleka.

Hata hivyo ni noti hizo duni zinazompa mtafiti kazi ya kina. Tofauti za herufi, rangi ya karatasi, makosa ya uchapaji, namba za mfululizo na majina ya waliotia sahihi ni nyingi kiasi kwamba kuzipanga kumekuwa tawi zima la elimu ya fedha za kale. Kila noti ina namba yake na mkono wa mtu aliyeitia sahihi. Rupia mbili za mwaka mmoja zilizohifadhiwa sawa hazina cha kuzitofautisha, ilhali noti mbili zilizotoka meza moja siku moja zinaweza kutofautiana. Hapa ndipo kosa la kawaida la wauzaji linapojitokeza. Kwa kuwa zote ni za miaka hiyohiyo, hudhaniwa kuwa zote ni adimu. Noti za muda za rupia 1 zilitolewa kwa wingi mkubwa na hata leo hazina uhaba sokoni, lakini noti ya rupia 200 ya mwaka 1915 ni jambo jingine kabisa. Umri wa kitu hausemi chochote kuhusu uadimu wake.

Mtoaji aliyekufa na mtoaji aliye hai

Ili kuielewa tofauti hii kama suala la uwekezaji, inafaa kutazama uwanja ambao ulinganisho wa namna hii umejadiliwa kwa muda mrefu zaidi, nao ni ule wa kadi za kukusanya nchini Marekani na Japani. Huko kuna makundi mawili. La kwanza ni kadi za michezo, hasa besiboli, zilizoanza kama vikaratasi ndani ya pakiti za sigara na baadaye za ubani wa kutafuna. Kadi ya Honus Wagner iliyotolewa kati ya mwaka 1909 na 1911, ambayo inajulikana kusalia kwa makumi machache tu ya nakala, na kadi ya Mickey Mantle ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952, iliyouzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, ni vilele vya kundi hilo. La pili ni kadi za kuchezea: Magic: The Gathering, iliyobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, na Pokémon, iliyoanza Japani mwaka 1996.

Tofauti ya makundi haya haimo katika picha. Kadi ya Mantle ya 1952 haiwezi kuongezeka, na taaluma ya mchezaji mwenyewe imekwisha na kuandikwa. Hakuna goli jipya wala kashfa mpya ya uwanjani itakayobadilisha alichofanya. Kadi ya kuchezea inategemea mtoaji aliye hai. Kampuni inaweza kuchapa upya, inaweza kubadili kanuni, inaweza kuuacha mchezo ufe. Mwaka 1995 watengenezaji wa Magic walichapa upya kadi za zamani katika toleo lililoitwa Chronicles, wakusanyaji wakalalamika kwamba akiba yao imeshushwa thamani, na mwaka uliofuata kampuni ikatangaza orodha ya kadi ambazo hazitachapwa tena. Bei ya kadi zilizomo katika orodha hiyo imejengwa juu ya neno la kampuni kwa kiwango kilekile ambacho imejengwa juu ya karatasi.

Kadi za michezo nazo si salama kwa sababu tu ni za michezo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zilichapwa kwa wingi usiopimika, wazazi wakazinunua kwa masanduku wakiamini wanawawekea watoto ada ya chuo, na nyingi hadi leo hazifikii hata bei ya kuzisafirisha. Uadimu wa Mantle ulitokana na uzembe: kadi zilitupwa, zilibanwa kwenye spoki za baiskeli, zilichanwa. Kinachotunzwa na kila mtu hakiwi adimu.

Kwa kipimo hicho, rupia na noti ya porini ziko upande mmoja na Mantle. Mtoaji wake alikufa mwaka 1918, hakuna atakayezichapa upya kihalali, na idadi yake inaweza tu kupungua. Upande wa kadi za kuchezea, mfano wa Tanzania ni stempu za miaka ya 1980 na 1990 zilizotolewa kwa mfululizo mkubwa zikiwalenga wakusanyaji wa nje, nyingi zikiwa na picha za mambo yasiyohusiana na nchi. Ziliuzwa kama vikusanywa tangu siku ya kwanza, zikatunzwa na kila aliyezinunua, na ndiyo sababu ni rahisi kuzipata. Sarafu za uhifadhi wa wanyamapori za mwaka 1974, zikiwamo za fedha na ile ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma, ziko katikati. Nazo zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, lakini zina madini, na madini hayajali kama mkusanyaji amechoka.

Mzani na kikuzio

Hali ya Saza inaupa ulinganisho huu sura ambayo haipatikani katika vitabu vya bei vya Ulaya. Rupia inapofika mahali penye mizani na tanuru kila upande, njia fupi zaidi ni kuiyeyusha. Mnunuzi wa madini hana sababu ya kulipia mwaka wa kupigwa au herufi ndogo inayoonyesha kama sarafu ilipigwa Berlin au Hamburg. Analipia fedha iliyomo, na kwa rupia moja ni takriban gramu 10.69. Sakafu ya thamani, ambayo mwekezaji huisifu kama kinga, hapa inafanya kazi ya mwaliko. Sarafu huuzwa haraka kwa bei ya chini kwa sababu ipo bei ya chini iliyo tayari. Noti haina mwaliko huo. Hakuna anayeweza kuiyeyusha, kwa hiyo hubaki katika sanduku, na ikipona mchwa hufika mikononi mwa mjukuu bila kuguswa. Inawezekana kabisa kwamba karatasi isiyo na thamani imehifadhi historia ya vita kuliko madini yenye thamani, na katika hili dharau imefanya kazi ambayo makumbusho hayakufika kuifanya.

Kasoro nyingine inatokana na nia njema. Mtu anayetaka kuuza sarafu huisafisha kwanza. Huisugua kwa mchanga, jivu au dawa ya meno hadi ing'ae, akiamini kwamba mng'ao ndio unaovutia. Kwa dhahabu ya kuyeyusha, usafi ni bei. Kwa sarafu ya kale, ule weusi wa miaka mia moja juu ya fedha ni sehemu ya uhai wake, na mistari ya kusugua huonekana kwenye kikuzio cha mnunuzi mzoefu kabla hajasoma mwaka. Katika biashara ya kadi, makampuni ya kupima ubora, kama PSA iliyoanzishwa mwaka 1991, hufunga kadi ndani ya kasha la plastiki lenye alama ya 1 hadi 10, na tofauti ya alama moja juu ya ngazi inaweza kuzidisha bei mara nyingi. Sarafu na noti zina makampuni ya aina hiyo pia, ila yako mbali, gharama yake ni kubwa kuliko bei ya rupia ya kawaida, na muuzaji wa kijijini hufikiwa na dalali kabla ya kufikiwa na taarifa.

Lipo pia suala la bandia, ambalo linawagharimu watu akiba halisi. Nyanda za juu kusini zimejaa masimulizi ya mali zilizofukiwa na Wajerumani, na masimulizi hayo yana mzizi katika matukio ya kweli: jeshi la Lettow-Vorbeck lilipita Fife, ng'ambo ya mpaka karibu na Tunduma ya leo, mwanzoni mwa Novemba 1918, likiwa katika mwendo wa mwisho kabla ya kusalimu amri huko Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 mwezi huohuo. Jeshi lililokuwa likitembea bila dawa za kutosha wala viatu halikuwa na misafara ya dhahabu ya kufukia. Hata hivyo simulizi la hazina linaishi, na pamoja nalo soko la rupia zinazodaiwa kuwa na nguvu zisizo za kawaida na zinazoombewa mamilioni. Hakuna mnada wa sarafu unaolipia nguvu hizo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ujuzi wa kujikinga tayari upo Saza. Mchimbaji anayejua kupima dhahabu ndani ya maji ili kubaini mchanganyiko wake anaweza kuipima sarafu ya Tabora kwa njia hiyohiyo. Yenye umbo sahihi lakini ikizidi au kupungua sana gramu 7.168 ni ya kutiliwa shaka. Rupia ya fedha isiyofika karibu na gramu 11.66, bila kuwa imesagika wala kutobolewa, nayo ni ya kutiliwa shaka, na inayoshikwa na sumaku haina haja ya mjadala. Kwa noti hakuna kipimo chepesi kama hicho. Karatasi mbaya na uchapaji mbaya, ambavyo kwa kawaida huashiria bandia, katika noti za porini ndivyo vinavyoashiria ukweli. Aliyezoea mzani analazimika hapa kujifunza kusoma: aina ya herufi, mpangilio wa namba, sahihi. Ndiyo maana noti inamfaa zaidi mkusanyaji mwenye subira na vitabu, na sarafu inamfaa zaidi mtu ambaye huenda akahitaji kuuza wiki ijayo.

Sheria nayo inaacha pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kwa vya baadaye inahitaji tangazo la Waziri. Rupia ya 1890 na noti ya 1917 ziko upande wa pili wa mwaka huo. Mwenye nazo anaweza kuziuza, kuzificha au kuziyeyusha, na mwanahistoria hana la kufanya ila kufika mapema.

Kama swali ni la akiba tupu, mtu wa Saza mwenye fedha kidogo za ziada hana sababu ya kununua rupia wala noti wakati dhahabu yenyewe inauzwa mtaani kwake kwa bei inayojulikana na kila mtu. Vikusanywa hivi vina maana kwa yule ambaye tayari anavyo. Kwake yeye uamuzi wa kwanza si auze lini, ila amwonyeshe nani. Sarafu ya rupia mbili ya mwaka 1894 ina uzito wa takriban gramu 23.3, sawa na rupia mbili za kawaida zilizowekwa pamoja, na katika tanuru vyote hivyo hutoa tonge moja la fedha lisilo na mwaka.